Perez Amegoma Kula Mboga

Benchi hili ni langu. Nasema mapema kwa sababu watu wa hapa kona ya Obunga wana tabia ya kusahau. Mbao nilitafuta mwenyewe, misumari nikapiga mwenyewe, nikaliweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja akivua kiatu apate pa kukaa. Mteja gani? Wateja wangu husimama kwa mguu mmoja wakishika ukuta, maana benchi limeshajaa tangu asubuhi. Kulia hukaa Joram, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kufua mashuka hospitalini, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Katikati ni Ndung'u, tunayemwita Waru, yaani kiazi kwa lugha yao, aliyekuja kutoka Nyandarua kuuza gunia la viazi sokoni Kibuye na hajarudi mpaka leo. Kushoto ni Dalmas, tunayemwita Brashi, anayechora vibao vya maduka. Mimi ni Soli. Mimi nakaa chini kwenye kigoda, kwa sababu kwenye benchi langu mwenyewe sina nafasi. Pembeni kuna Agneta na jiko lake, karai la mandazi, na birika la kahawa ya tangawizi aliyofundishwa na jirani yake Mnubi. Mwaka wenyewe ni ule gugumaji lilipofunika ziwa mpaka mashua zikashindwa kutoka, na watu wengi wakapata muda wa kuongea upuuzi.

Basi Ijumaa hiyo Brashi alifika akiwa amembeba binti yake kiunoni na sufuria imefunikwa mkono wa pili. Hakusalimia.

— Jamani, nisaidieni. Maro anakuja kesho.

— Nani? aliuliza Waru.

— Maro. Mama mkwe. Umekaa Kisumu miaka yote hii na bado hujui maro?

— Sasa si akuje? Huyo ni mgeni. Mchinjie kuku.

— Anakuja kumchukua Perez.

Hata Daktari aliweka kikombe chini. Perez ni huyo binti wa kiunoni, ana miaka mitatu, na hakuna mtu pale konani ambaye hajawahi kumbeba. Mama yake, Lornah, yuko chuo cha ualimu mpaka likizo, kwa hivyo Brashi anamlea peke yake, na anamlea vizuri, isipokuwa nywele za mtoto huwa na rangi ya kijani ya vibao karibu kila siku.

— Amchukue ampeleke wapi? niliuliza.

— Kisian, nyumbani kwake. Amesikia mtoto hali.

— Amesikia kwa nani?

— Kwa nani hajasikia! Obunga yote inajua Perez anakula mandazi asubuhi, mandazi mchana, na jioni mandazi na soda. Maro amenitumia neno. Amesema atakuja hapa kwa fundi wa viatu. Akikuta mtoto anakula mboga kama watoto wengine, atarudi peke yake. Akikuta hali, anarudi naye.

— Na kwa nini hapa kwangu? Mimi nimeingiaje kwenye mambo ya wakwe?

— Soli, wewe ni Mjaluo ama ni nini? Maro hawezi kulala kwangu. Hata kuonana tukila hatuwezi. Sasa unataka nimpokee wapi, katikati ya barabara?

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani midomo ikitafuna, ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa imeamua kukalia benchi langu pia.

— Akimchukua, Brashi aliendelea, na sauti yake ikaanza kuyumba, mimi nitaishi na nani? Nikirudi jioni ananiuliza nimechora nini. Nikimwambia nimeandika BUTCHERY ananiuliza ng'ombe nimemweka wapi. Analala ameshika brashi. Nyumba ile bila yeye ni makopo ya rangi tu. Nitalia, nawaambia wazi. Nitalia mbele ya watu.

— Usilie, alisema Daktari. Hiyo ni kesi ndogo. Fungua sufuria.

Alifungua. Kulikuwa na ugali, omena, na sukuma wiki ya kutosha, ya kijani kabisa. Alimkalisha Perez kwenye benchi, akamwekea sahani magotini. Perez aliitazama. Kisha kwa mgongo wa mkono, taratibu, bila hasira yoyote, aliisukuma mboga yote mpaka ukingoni mwa sahani. Akamaliza, akapangusa mkono kwenye gauni.

Agneta alimtazama mtoto, akamtazama Brashi, akacheka peke yake.

— Nini? aliuliza Brashi.

— Hakuna, alisema Agneta, akageuza mandazi.

— Umejaribu dawa gani mpaka sasa? aliuliza Daktari.

— Nimejaribu kumbembeleza. Nimejaribu kumfokea, akanifokea pia. Nikamchorea kiboko kwenye sahani, kiboko mzuri sana, nikamwambia kula mboga umalize ndio umwone.

— Halafu?

— Akakataa niweke chakula. Ati namfunika kiboko uso.

— Na mimi nikaichukua ile sahani, alisema Agneta. Rangi ya mafuta, jamani! Kwa sahani ya mtoto! Sasa inafunika ndoo yangu ya makaa.

— Kiboko yangu iko wapi? aliuliza Perez.

— Unaona? alisema Brashi.

Daktari alikohoa. Akikohoa hivyo tunajua hospitali imefunguliwa.

— Sikilizeni. Tumbo ya mtoto iko na milango mbili. Kuna mlango ya vitu laini na mlango ya majani. Huyu, mlango yake ya majani imekwama.

— Imekwama na nini? aliuliza Waru.

— Na kutotumika. Mlango usipofungua mwaka mzima, si bawaba zinashika kutu?

— Umeiona wapi hiyo milango? nilimuuliza.

— Soli, mimi nimefua mashuka ya theatre, kule watu wanapasuliwa. Wewe umefua nini?

— Sasa tunafanyaje? Brashi alikuwa amesimama tayari.

— Aruke. Akiruka, bawaba zinalegea. Halafu unasukuma mboga haraka kabla mlango haujajifunga.

Basi Perez akaambiwa aruke. Hakuna kitu alichowahi kuambiwa kikampendeza hivyo. Aliruka kwenye benchi langu, akaruka chini, akaruka juu ya viatu vya mteja, Waru akipiga makofi na Daktari akiinama kila mara kusikiliza tumbo. Vumbi lote liliingia kwenye gundi yangu. Mwishowe Daktari akapaza sauti:

— Sasa! Imefunguka! Leta!

Brashi akaleta kijiko mbio. Perez alikuwa anahema.

— Nimechoka, alisema. Nataka mandazi.

— Huyo ni mlango ingine imefunguka, alisema Daktari. Hiyo hutokea.

Waru alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kuudhi.

— Shida yenu nyinyi watu wa ziwa, mnapatia mtoto mboga ikiwa uchi.

— Uchi vipi?

— Si inaonekana! Iko tu hapo imelala, kila mtu anaiona. Kwetu mboga inavalishwa waru. Unaponda, unaponda, mpaka mboga yenyewe haijijui. Mtoto anafikiria anakula kiazi, kumbe amekula shamba yote.

Hiyo nayo ilisikika ina akili, nakubali. Agneta alikuwa na viazi vya kuchemsha. Waru akavua koti, akaponda kwa mwiko mpaka jasho likamtoka, akachanganya na sukuma iliyokatwakatwa, akatengeneza kilima cha kupendeza. Perez aliletewa. Alionja, akatabasamu, akala. Brashi alimshika Waru mkono. Tulimtazama mtoto anakula, na nakwambia tulifurahi kama watu waliopata maji ya bomba mtaa mzima.

Ni mimi niliyeona kwanza.

— Hebu tazameni huku chini ya sahani.

Vipande vya sukuma vilikuwa vimepangwa kwenye benchi kwa mstari, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimelambwa kiazi mpaka kikang'aa.

— Ngai! alisema Waru. Hata kale kadogo amekaona!

— Mtoto kama huyu ndiye angetakiwa kuchambua mchele, alisema Agneta.

— Vitamini zote ziko kwa benchi, alisema Daktari kwa huzuni.

— Vizuri, nikasema. Benchi langu litanenepa.

Sasa mimi sipendi kujiingiza. Lakini nilikuwa na wazo langu, na nilijua ni bora kuliko ya hao wawili, kwa sababu mimi nimelea watoto na wao wamelea midomo.

— Mnakosea kumwomba, niliwaambia. Mtoto ukimwomba anakataa. Mkataze! Mwambieni mboga ni ya watu wazima peke yao. Mtaona atakavyoiba.

— Hiyo sasa ni saikolojia, alisema Daktari, akainua kidole kana kwamba ameisema yeye.

Tulikubaliana. Nikachukua sahani, nikaikumbatia kifuani, nikafanya uso wa polisi.

— Perez! Hii mboga usiguse! Ni ya wazee tu. Umesikia? Mtoto hakuli!

Perez alinitazama kwa heshima kubwa.

— Sawa, alisema.

Tukangoja. Hakugusa. Nikaiweka karibu naye nikajifanya nashona. Hakugusa. Nikageuka kabisa. Hakugusa. Brashi alisema tangu azaliwe, hiyo ndiyo amri ya kwanza mtoto huyu kuitii.

— Umemfundisha adabu siku mbaya, Soli, alisema Waru.

Iliniuma, sitasema uongo. Agneta akatumiminia kahawa, akagawa mandazi, na hao wanaume wakachukua, kila mmoja na lake, sukari imejaa juu. Jua lilikuwa limeanza kuelekea Kisian na Brashi alikuwa anatazama barabara kila dakika ingawa mgeni ni wa kesho.

— Kuna njia moja imebaki, alisema Daktari, na nikajua tumefika kubaya. Kiboko.

— Kiboko amefanya nini? aliuliza Brashi.

— Huyu mtoto anapenda kiboko, ndio au hapana? Kiboko anakula nini? Majani peke yake! Na mwone alivyo! Umewahi kuona kiboko amekonda? Umewahi kuona kiboko ako na upele?

— Sasa tumpeleke akamwone kiboko kule ufuoni Dunga?

— Hapana. Tumpe chakula ya kiboko. Gugumaji!

— Wewe! alisema Agneta.

— Nyamazeni mfikirie kidogo! Ziwa yote imejaa mboga, bure, imejileta yenyewe mpaka ufuoni, na sisi tunasema ni shida! Ni nani ameonja? Wewe umeonja? Mimi nasema tungekuwa tumekula hiyo kitu tangu ifike, mashua zingekuwa zinapita!

— Onja wewe kwanza, nilimwambia.

— Mimi ndiye nimeleta wazo. Mwenye wazo haonji.

— Afadhali langu, alisema Waru. Mimi nafikiria mtoto hajakataa mboga.

— Waru, tumekaa hapa tangu asubuhi akikataa! nikamwambia.

— Amekataa kwa Kijaluo. Na kwa Kiswahili pia amekataa. Kwa Kikuyu bado hajaulizwa.

Naapa Daktari aliwaza jambo hilo kwa uzito. Brashi naye, maskini, alikuwa amefika mahali mtu akimwambia mboga iimbiwe atauliza ni wimbo gani. Akampisha Waru. Waru akachuchumaa mbele ya mtoto, akachota sukuma kwa kijiko, akamwambia ale, akilainisha sauti kama anauzia mteja mpya.

— Rĩa, maitũ. Rĩa.

Perez alicheka mpaka akaonyesha meno ya nyuma. Alikishika kijiko. Tulisimama wote! Akakiinua, akakielekeza kwenye mdomo wa Waru.

— Wewe ria, alisema.

Waru alirudisha kichwa nyuma haraka.

— Aa, mimi nimeshiba, mama.

Perez akamgeukia Daktari.

— Wewe ria.

— Mimi hunisumbua tumbo, hiyo.

Akanigeukia mimi.

— Wewe ria.

— Mimi niko kazini, nikasema.

Akamgeukia baba yake.

— Baba, ria.

— Hiyo ni ya kwako, mpenzi wa baba, alisema Brashi, na kwa mgongo wa mkono akasukuma kijiko pole pole kando. Kisha, kwa uchovu wa siku nzima, akachukua andazi lake, akalitia lote mdomoni.

Andazi hilo ndilo lililomponza. Kwa sababu wakati huohuo mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani alitokea upande wa barabara ya Kakamega, kikapu kichwani, mgongo umenyooka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mti wa stima ulio mbele ya kibanda changu. Brashi alimwona. Macho yalimtoka. Hakuweza kumeza, andazi lilikuwa zima. Hakuweza kutema, maro yuko pale. Alifanya jambo moja tu aliloweza: aligeukia ukuta wangu na kuuegemea kwa paji la uso, mashavu yamejaa.

— Maro, nikanong'ona.

— Si alisema kesho? alinong'ona Daktari.

Mama yule, jina lake Beldina, naye alikuwa ameona mashavu. Akageuka haraka akatazama upande mwingine, kama heshima inavyotaka. Basi wakawa wamesimama hivyo, huyu anatazama ukuta, huyu anatazama barabara, kati yao hatua chache na sisi tumekaa katikati na vikombe.

— Wewe mwenye koti, Beldina alimwita Waru bila kumtazama Brashi. Mwambie huyo bwana nimefika.

— Lakini amekusikia, mama, alisema Waru.

— Mwambie!

— Brashi, mama anasema amefika.

Brashi aliguna ukutani.

— Anasema nini? aliuliza mama.

— Anasema... karibu, alisema Waru. Nafikiri.

— Mwambie nilisema nitakuja kesho, lakini nimekuja leo, kwa sababu kesho mngekuwa mmeshajipanga kunidanganya.

— Anasema...

— Namsikia! alisema Brashi, andazi likiwa limeshuka nusu.

— Mama, karibu sana, Daktari aliingilia. Mimi ndiye daktari wa hapa. Mtoto yuko sawa. Anakula kila kitu. Milango yote iko wazi.

Beldina alishusha kikapu. Macho yake yaliupitia ule mstari wa sukuma kwenye benchi, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

— Na hii ni nini?

Perez alikuwa amemwona bibi yake na kumkimbilia.

— Dana! Mimi sikugusa mboga! Ni ya wazee! Soli amesema!

Nilitamani kuingia ndani ya kiatu cha mteja.

Beldina alimbeba mjukuu wake, akampima kwa mikono, akambonyeza mbavu. Aliponena tena sauti yake haikuwa na ukali, na hiyo ilitisha zaidi.

— Muulize huyo bwana, alimwambia Waru. Mtoto huwa anakula na nani?

— Brashi, mtoto huwa anakula na nani?

— Anakula peke yake, Brashi aliuambia ukuta. Nampa kwanza, nakaa namwangalia mpaka amalize. Mimi huja kula hapa kwa Agneta baadaye.

— Anasema peke...

— Nimesikia. Sasa muulize hivi. Hao wazee wenye mboga yao, ni nani kati yao anaila?

Waru alifungua mdomo apeleke swali, kisha akagundua limemfikia yeye pia. Aliufunga. Daktari alitazama ndani ya kikombe. Mimi nilitafuta sindano niliyokuwa nimeishika mkononi. Kahawa ilikuwa imekwisha kwa wote, lakini kila mtu aliinua kikombe akanywa.

— Mimi nitajibu, alisema Agneta kutoka kwenye jiko. Hakuna! Nikiwawekea hawa sukuma, sahani inarudi imesukumwa kando, hivi. Akaonyesha kwa mgongo wa mkono, na ulikuwa mkono wa Perez kabisa. Brashi ndiye fundi wao, akaongeza.

Brashi alishusha mabega.

— Basi, alisema Beldina. Kwangu Kisian sinia ni moja na watoto ni wengi. Hakuna anayebembelezwa. Ukichelewa unakuta wenzako wamemaliza. Mwambie huyo bwana simlaumu. Lakini mtoto nitamchukua.

— Brashi, alisema Waru polepole, mama anasema...

— Mwambie asimchukue.

Alikuwa bado anatazama ukuta, na sauti ilitoka imelowa.

— Mwambie, Waru. Mwambie sijui kupika vizuri, na mboga sijawahi kupenda tangu nikiwa mdogo, na sikujua mtoto ananitazama mkono. Lakini usiku ananishika sikio ndio alale. Nani atamshikisha sikio huko? Mwambie asinichukulie Perez.

Waru aligeuka kwa mama. Alisafisha koo.

— Mama, anasema usimchukue. Halafu akaongeza, Na mimi pia nasema.

— Na mimi, alisema Daktari.

— Na benchi, nikasema, sijui kwa nini.

Beldina akamweka mtoto chini, akafungua kikapu, akatoa chungu kilichofungwa kwa kitambaa na ugali uliofunikwa kwa jani la mgomba. Alipofungua chungu, harufu ilitufikia wote. Ilikuwa osuga, ile mboga chungu ya kwetu, iliyolala na maziwa na kupikwa tena na kulala tena mpaka uchungu wake umekuwa utamu.

— Agneta mwanangu, alisema, weka hii kwenye sinia, katikati ya hao wanaume. Mimi nimechoka kutembea. Nitakaa hapa nitazame magari. Sitageuka.

Akachukua kigoda changu, hata hicho, akakigeuza, akakaa mgongo kwetu.

Ilituchukua muda kuelewa. Asipogeuka, haoni mkwe akila. Na asipoona, hakuna heshima iliyovunjwa. Agneta alikuwa ameshaelewa zamani, alikuwa anatumwagia maji mikononi.

— Wote, alisema. Hata wewe Daktari wa mashuka.

Tulikaa kuizunguka sinia, sinia juu ya benchi, sisi tumechuchumaa. Hakuna aliyetaka kuanza. Perez alisimama pembeni, mikono nyuma, akitutazama mmoja mmoja. Brashi alikata tonge. Alilishika, nakwambia, kana kwamba anashika nyoka. Akachota osuga. Akafumba macho, akala.

Akafumbua jicho moja. Akakata tonge lingine.

Waru akaonja, akasema "Ĩĩ!" na hakusema kingine. Daktari alikula la kwanza kwa uso wa mgonjwa na la pili kwa uso wa mtu aliyepona. Na mimi? Mimi nilikumbuka jikoni kwa mama yangu, nikaona nimekuwa mjinga miaka mingi, na tena nikaona Waru anachota kutoka upande wangu. Nikamzuia kwa kiwiko. Akapita chini ya kiwiko. Brashi sasa alikuwa hakati matonge, anachimba. Heshima zote ziliisha. Tulikuwa wanaume wazima tunaokimbizana kwenye sinia, na Daktari akila kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna hospitali inayoruhusu.

Nikahisi kitu kinapita chini ya kwapa langu. Kichwa kidogo chenye rangi ya kijani. Mkono mdogo uliingia kati ya mikono yetu, ukachota, ukatoka. Ukarudi.

— Mtoto anakula? aliuliza Beldina, akitazama magari.

Hakuna aliyejibu. Brashi mdomo umejaa, Waru umejaa, Daktari ndiye usiseme, na mimi nilikuwa nimetia tonge kubwa nikihofia mwisho wake.

— Nauliza, mtoto anakula?

Tukaangaliana. Tukatafuna kwa bidii. Gari likapita, na vumbi, na bado hakuna mtu aliyeweza kutoa hata herufi moja. Kisha ikasikika sauti ya kilio, kilio cha mtu aliyedhulumiwa kabisa, kutoka katikati yetu:

— Dana! Baba ananimalizia mboga!

Mgongo wa Beldina ulitikisika. Ulitikisika sana, mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea, lakini hakugeuka. Alipoweza kusema, alipangusa macho kwa ncha ya leso.

— Wewe mwenye koti, alisema. Mwambie huyo bwana mtoto atabaki.

Waru alimgeukia Brashi apeleke ujumbe. Aligeuka, akainua kidole, akajaribu. Hakikutoka kitu, osuga ilikuwa imejaa mpaka masikioni. Lakini Brashi alikuwa ameshasikia, na alikuwa analia kama alivyotuahidi, mbele ya watu, huku anasukuma mboga iliyobaki upande wa mtoto, kwa mgongo wa mkono.